Hakuna, au Hatujafika Kuuliza

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu kwa zamani alinipigia simu kunijulia hali. Katika mazungumzo nikamuuliza kama kituo cha Rungwa kinapatikana. "Kiko hewani mama, usiwe na wasiwasi." Nikamuuliza amejuaje. Akasema taa zinawaka. Nilicheka sana, nikamwambia akae chini nimsimulie jambo. Akaniambia ana kikao, akaniaga kwa adabu zote, simu ikakatika. Basi nimeamua kuwaandikia ninyi nyote mnaoanza kazi hii, maana karatasi haikati simu.

Mimi ni mama wa kijijini Sepuka. Nimestaafu, nalima alizeti, nafuga kuku, na wajukuu wananisumbua kiasi ninachopenda. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa mifumo katika shirika dogo la zahanati lililokuwa na makao yake mjini Singida. Zahanati zetu zilitawanyika mkoani, nyingine karibu, nyingine huko ambako ukishuka kwenye basi unajikung'uta vumbi kwanza ndipo usalimie. Taarifa za wagonjwa wote zilikaa kwenye kanzidata moja, ndani ya seva iliyowekwa chumba cha nyuma pale mjini. Mgonjwa akitibiwa mjini leo, nesi wa Rungwa aliandika jina lake kesho na kuona alipewa nini na mwili wake ulikubali nini. Angalau ndivyo tulivyowaahidi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha njia ya kutoka kituoni hadi kwenye ile kanzidata ipo, na ikikatika tujue kwamba imekatika. Hiyo ya kujua ndiyo ngumu.

Nianze na kuku, ili msije mkanidharau mapema.

Kituo chetu cha Kinyangiri kilikuwa kinapotea asubuhi, siku moja moja, kisha kinarudi chenyewe. Tuliulaumu mnara, tukalaumu umeme, tukailaumu na mvua wakati ni kiangazi. Mwisho nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye chumba cha mapokezi tangu kinafunguliwa. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia tetea mwekundu, akapita chini ya meza kama mtumishi aliyechelewa kazini, akapanda juu ya kisanduku cha modemu, akajikunyata. Kisanduku kile kina joto, na asubuhi za kipupwe kule ni baridi. Alipojigeuza kutafuta mkao mzuri, waya wa nyuma ukalegea, kituo kikapotea. Baadaye mhudumu akaja, akamwondoa, akachukua yai, akausukuma waya mahali pake, kituo kikarudi.

"Kumbe ulikuwa unajua waya unalegea?" nikamuuliza.

"Najua mama, lakini si huwa naurudisha?"

Na taa ya mbele ya modemu ilikuwa inawaka muda wote, kuku yuko juu, waya umelegea, kituo hakipo. Tulimtengenezea kuku kiota kwenye boksi tupu la dawa, modemu tukaipandisha ukutani. Nikarudi mjini na trei ya mayai. Tangu hapo mtu akiniambia taa zinawaka, namsikiliza kwa heshima tu, kwa sababu taa inajua habari za umeme wake yenyewe.

Hatua iliyofuata tukajifunza kuigonga seva. Ninyi mnaijua ile amri ndogo ya kompyuta, unatuma neno dogo kwenda upande wa pili na kungoja lirudi. Likirudi, fundi anafurahi na kwenda kunywa chai. Siku moja vituo vyote vilikuwa vinalia, lakini kila tukiigonga seva inajibu haraka na vizuri. Tulishinda tunabishana na watu wa mtandao kwenye simu. Kumbe diski ya seva ilikuwa imejaa pomoni na kanzidata ilikuwa imesimama tangu alfajiri. Tulikuwa tunasalimiana na mlinzi wa getini wakati mwenye nyumba hayupo. Niliwapigia tena wale watu wa mtandao kuwaomba radhi, na mmoja wao alinitania kwa jambo hilo hadi siku ya sherehe yangu ya kustaafu.

Sasa nije kwenye kosa letu kubwa, ambalo sidhani kama mzungu angelifanya.

Ofisini tulikuwa na Mzee Hamisi, mratibu wa vituo, mtu wa watu, mwenye sauti ya kuamkia. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvipigia simu vituo vyote na kuuliza kama mtandao upo. Mzee Hamisi hakuwa mtu wa kumrukia mtu na maswali. Alilelewa, na waliopokea simu walilelewa. Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda hivi: shikamoo, marahaba, habari za asubuhi, nzuri, habari za nyumbani, nzuri, habari za wagonjwa, wanaendelea vizuri, habari za mtandao, nzuri. Haya, kazi njema. Anakata, anahamia kituo kingine. Mwisho wa zoezi anakuja mezani kwangu akisugua mikono kwa furaha: "Mama Asha, vituo vyote vizuri." Nami naendelea na mengine.

Mnaliona tatizo? Sisi tukiulizwa habari, tunajibu nzuri. Hata mtu ambaye paa lake limeezuliwa na upepo atasema nzuri kwanza, kisha atavuta pumzi na kusema "ila". Shida hukaa baada ya "ila". Anayeanza na shida kabla ya salamu tunamwona hana adabu, tena kwa mkubwa kama Mzee Hamisi. Na Mzee Hamisi, kwa kuwa alikuwa na vituo vingi na salio dogo, alikuwa anakata simu kabla "ila" haijafika.

Ukichanganya na hilo, programu yetu nayo ilikuwa na tabia mbaya. Nesi akiandika jina la mgonjwa, programu inakwenda kuuliza kwenye kanzidata. Ikimkosa, inaandika kwenye kioo: "Hakuna taarifa za mgonjwa huyu." Sawa. Lakini ikishindwa kufika kwenye kanzidata, njia imekatika, haijamuuliza mtu yeyote kitu chochote, inaandika maneno yale yale. Aliyeitengeneza hakuwa na nia mbaya. Aliitengenezea mezani, seva iko hatua chache kutoka kwake, hakuna siku aliyoona njia imekatika. Kwake, kutopata jibu na kupata jibu la hapana vilikuwa kitu kimoja. Na sisi tuliipokea, tukaisambaza, tukawafundisha manesi: ikisema hakuna, ujue mgonjwa ni mpya.

Pale Rungwa alikuwepo nesi anaitwa Neema, binti wa Manyoni, mpole, msikivu, mwenye shikamoo ndefu. Kituo kiko pembeni kabisa ya mkoa, jirani na pori la akiba, watu wake wakulima na wafugaji wa nyuki. Siku moja wakaletewa Mzee Kasanda kwenye pikipiki, ameshikiliwa na mkewe kwa nyuma asianguke. Alijikata mguu kwa shoka akiwa porini kuangalia mizinga, akaufunga kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Mpaka wanamleta, mguu umevimba, homa iko juu, anaongea maneno yasiyoeleweka. Neema aliona wazi kwamba anahitaji sindano, na iliyokuwepo ni penisilini.

Akamuuliza mkewe kama kuna dawa inayomkataa. Mkewe hakujua. Aliolewa na mzee baada ya mke wa kwanza kufariki, na mambo ya hospitali ya zamani hakuyakuta. Alichojua ni kwamba mzee aliwahi kulazwa "kwenu, Singida".

Neema akaandika jina kwenye kompyuta. Kioo kikasema: "Hakuna taarifa za mgonjwa huyu."

Hebu fikirini alivyokuwa. Mzee anatetemeka. Mke anasema alilazwa kwetu, lakini wengi wakisema Singida wanaweza kumaanisha hospitali yoyote iliyoko mjini. Asubuhi ile ile ofisi yetu imepiga simu na kukata ikiridhika kwamba mtandao ni mzuri. Taa zinawaka. Mashine imesema hakuna. Dawa ameshaivuta kwenye bomba la sindano. Nani angemlaumu?

Aliniambia baadaye kwamba kilichomsimamisha ni macho ya yule mke. Mama yule hakubisha wala hakulalamika, alikuwa anamwangalia tu kama mtu aliyesema kweli na hakuaminiwa. Basi Neema akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungulia kwenye kituo chetu cha mjini, na jina lake alilishuhudia likiingizwa kwenye mfumo. Akarudi kwenye kompyuta, akaandika jina lake.

"Hakuna taarifa za mgonjwa huyu."

Akaiweka sindano chini, akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Nzuri mama," akasema, kisha akavuta pumzi. "Ila mfumo unasema mimi sipo."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwa haraka habari za mzee, za mguu, za mkewe. Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja na seva. Nikaandika jina la Mzee Kasanda, na hakukuwa na haja ya kungoja. Akatokea. Alilazwa kwetu kweli, na kwenye sehemu ya mzio daktari alikuwa ameandika kwamba alipopewa penisilini uso ulivimba na kifua kikabana, nusura apotee, asipewe tena. Nilimsomea Neema neno kwa neno, kisha nikamwambia anirudishie maneno hayo nisikie. Akayarudisha. Nikamsikia akimwambia yule mama, "Ulisema kweli, mama," halafu akalia kidogo, nami nikalia upande wangu. Nikamkimbizia simu daktari wetu, wakakubaliana dawa nyingine. Kufikia jioni homa ilikuwa imeanza kushuka.

Nilipomuuliza Neema njia imekatika tangu lini, akaniambia labda tangu upepo ule mkubwa uliopita, antena iliinama, ila kioo kiliendelea kujibu naye hakujua kama njia imekatika.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema ya antena mama. Ila nikifika hapo, Mzee ameshakata."

Mzee Hamisi alipoelezwa, aliiweka simu yake mezani mbele yangu. Kisha akasema, "Sasa nisiwasalimie?" Nikamwambia asalimie sana, salamu ni za watu. Mtandao usiulizwe habari, upewe kazi. Kuanzia kesho yake, baada ya salamu zote, alimwambia nesi wa kila kituo, "Nitafutie Neema." Nesi anaandika jina, anamsomea Mzee Hamisi anachokiona. Neema mwenyewe alikubali kwa kicheko, akasema angalau sasa atajulikana mkoa mzima. Akionekana, njia ipo mpaka ndani kabisa. Asipoonekana, tunajua tatizo ni letu, kwa sababu Neema tunajua yupo.

Baadaye vijana wa programu waliipa mashine kazi hiyo, ikawa inamtafuta Neema yenyewe kabla ya kumtafuta mgonjwa yeyote. Walikuwa wepesi wa kuelewa, na mambo waliyoyaongeza mengine sikuwa nimeyawaza. Kioo kikawa na majibu mawili. Moja linasema hakuna taarifa. Jingine linasema: "Hatujafika kuuliza. Piga simu mjini." Niliwaomba hayo maneno ya pili yawe makubwa na ya rangi nyekundu, wakaniambia rangi nyekundu inatisha. Nikawaambia ndiyo.

Tulibishana pia kuhusu kungoja. Mashine ingoje jibu kwa muda gani? Mwanzoni ilikuwa inangoja tu, alama inazunguka kwenye kioo, nesi anaiangalia, mgonjwa anamwangalia nesi. Nikawauliza vijana: ukienda kwa mtu unapiga hodi mara ngapi? Wakasema mara tatu. Na kati ya hodi na hodi? Unatulia kidogo, labda yuko uani. Usipoitikiwa? Unaondoka. Basi wakaiandika hivyo hivyo, hodi tatu zenye nafasi kati yake, kisha mashine iseme wazi kwamba haikuitikiwa. Hilo la nafasi msilidharau. Kuna siku umeme ulikatika mjini, na uliporudi vituo vyote vikapiga hodi kwa pamoja, mfululizo, bila kupumzika, hata seva ikalemewa ikalala tena. Tukalazimika kuvipangia vituo vipishane.

Na mkipima, pimeni kutoka kule aliko nesi, kwa jina la kuingilia analotumia nesi. Mimi nikiwa ukuta mmoja na seva, tena kwa jina la fundi mkuu, kila kitu kilikuwa kinapatikana siku zote. Niliwahi kumhakikishia mtu wa Sepuka, kijiji changu mwenyewe, kwamba mfumo uko sawa, kumbe nywila za manesi zilikuwa zimeisha muda usiku uliopita. Shangazi yangu alikuwa kwenye foleni siku hiyo. Mpaka leo tukikutana msibani ananikumbusha.

Nilidhani mambo ya Rungwa yameishia hapo, na nilikuwa na furaha kabisa. Kisha Mzee Kasanda akaletwa mjini kuangaliwa mguu. Akapita ofisini na mkewe, anatembelea fimbo, na ndoo ya asali kwa ajili yetu. Akataka kuiona mashine iliyosema hayupo. Nikamweleza kwamba mashine haikuwa imefika kuuliza, na kwamba sasa tumeirekebisha. Alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama. Alipomaliza chai akaniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza bei:

"Na wale wengine?"

"Wengine gani, mzee?"

"Antena iliinama siku nyingi. Si mimi peke yangu niliyeenda zahanati siku hizo. Wale walioambiwa hawapo."

Watu wote wa ofisi ile, na kompyuta zetu, na vikao vyetu, tulikuwa tumeshughulika na kioo kitakachosema nini kesho. Hakuna aliyekuwa amegeuka kuangalia nyuma.

Nilipanda basi la Itigi, na kutoka hapo hadi Rungwa. Kompyuta ya kituo ilikuwa imehifadhi majina yote yaliyotafutwa siku zile na kuambiwa hakuna. Nikayaoanisha na kanzidata. Wengi walikuwa wapya kweli. Wachache walikuwa wa kwetu, wana taarifa zao, na walitibiwa kama watu tusiowajua. Mimi na Neema tukawafuata nyumbani, mmoja mmoja, siku nyingine kwa pikipiki, siku nyingine kwa miguu. Kila tulipokaribia mji wa mtu, mimi nilianza kuomba kimoyomoyo. Babu mmoja alikuwa ametokwa na vipele kwa dawa ambayo tungejua kutompa, vikawa vimeshapona, akawa na hamu zaidi ya kutuonyesha ndama wake. Wengine walikuwa salama kabisa, wakashangaa tumekuja kufanya nini.

Akabaki mmoja, mama kijana ambaye kanzidata ilisema ana ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Neema alimpa dawa katika siku zile bila kujua, na tangu hapo hakurudi kituoni. Nyumbani kwake tulikuta mlango umefungwa. Jirani akasema walihamia kambi ya mizinga, mbali kidogo. Neema alikaa kwenye kizingiti cha ile nyumba, akasema hana nguvu ya kwenda. Nikamwambia tutaenda wote, na kama ni la kusikia, tutalisikia wote.

Tulimkuta chini ya kibanda cha nyasi, amekunja kanga hadi magotini, anachuja asali kwenye kitambaa, mtoto wake anakula masega pembeni. Alipotuona, nesi na mgeni mtu mzima, tumejaa vumbi na jasho, alisimama kwa hofu.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

Niliitikia marahaba, na maneno mengine yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakapotea. Nikamwambia tumekuja kuangalia tu kama yupo.

Akamtazama Neema, akanitazama mimi, akaangalia mikono yake iliyojaa asali.

"Nipo," akasema. "Karibuni mkae."